Ukialikwa mlo wa bure kuzungumzia kustaafu: mwongozo kwa wazee wetu walioko Marekani

Kadi niliikuta kwa shangazi, juu ya meza ya jikoni, chini ya chupa ya chai. Karatasi nzito ya kung'aa, picha ya mume na mke wenye mvi wanatembea ufukweni, na jina lake limechapwa kwa herufi zinazofanana na mwandiko wa mkono. Anaalikwa yeye na mgeni wake mmoja kwenye mgahawa wa steki, Jumanne saa kumi na mbili jioni. Nafasi ni chache. Mada ni kodi, malipo ya Social Security (pensheni ya serikali) na namna ya kulinda akiba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama ufuta, imeandikwa kwamba huenda bidhaa za bima zikazungumziwa.

Shangazi amehudumia wazee kwenye nyumba za kulea wazee kwa miaka ishirini na miwili, sehemu kubwa zamu za usiku. Akiba yake yote iko kwenye 401(k), akaunti ya kustaafu ya kazini. Akaniambia, "Mwanangu, twende tukale tu. Kula si kosa."

Kula si kosa kweli. Tulienda, na tangu hapo nimewasindikiza wazee wengine kwenye mialiko mitatu ya namna hiyo. Nimeona jinsi jioni hizo zinavyopangwa, na nimesaidia kusoma mikataba ambayo watu waliletewa baadaye. Ninayaandika haya kwa ajili ya wale waliofika huku miaka ya tisini na elfu mbili, ambao sasa wanakaribia miaka sitini na kadi hizi zimeanza kuwafikia.

Nani analipia nyama

Mwaka 2007 wasimamizi wa masoko ya fedha ya Marekani, yaani SEC (tume ya serikali kuu), FINRA (chombo kinachosimamia madalali wa uwekezaji) na NASAA (umoja wa wasimamizi wa majimbo), walitoa ripoti baada ya kukagua kampuni 110 zilizokuwa zinaandaa semina za mlo wa bure katika majimbo saba. Matangazo mengi yalisema ni elimu tu, hakuna kitakachouzwa. Wakaguzi walikuta zote 110 ni za kuuza. Katika nusu yake, karatasi za matangazo zilikuwa na madai yaliyokuzwa au ya kupotosha. Katika asilimia 13 walikuta dalili za utapeli hasa. Ripoti hiyo ina miaka mingi sasa, lakini kadi ya shangazi ingeweza kuchapwa wiki ile ile iliyotoka.

Sahani ya nyama, saladi na kipande cha keki kwa watu arobaini ni gharama kubwa kwa mwenyeji. Gharama hiyo inarudi kwa njia moja: mmoja au wawili kati ya hao arobaini watahamisha akiba yao ya maisha kuingia kwenye bidhaa anayoiuza. Mara nyingi bidhaa hiyo ni anuiti, yaani mkataba na kampuni ya bima. Wewe unawapa fedha kwa mkupuo, wao wanaahidi kukulipa baadaye. Kamisheni ya wakala kwa anuiti zile zinazofuata soko mara nyingi ni kama asilimia 5 hadi 7 ya fedha uliyoweka. Ukihamisha dola 200,000, wakala anaweza kupata dola 10,000 hadi 14,000. Hiyo ndiyo nyama uliyokula.

Anuiti si haramu wala si utapeli kwa yenyewe. Ziko za kawaida zinazolipa mshahara wa kila mwezi mpaka kufa, na kwa mtu asiye na pensheni nyingine zinaweza kufaa. Shida ni anuiti ngumu kuuzwa kwa haraka, kwa mtu aliyeshiba, na mtu ambaye kipato chake cha leo kinategemea sahihi yako.

Kwa watu wetu kuna jambo la ziada. Tumelelewa kwamba ukila kwa mtu, huondoki hivi hivi. Unakaa, unasikiliza, unashukuru, na siku akikuhitaji unakwenda. Hiyo ni tabia njema, sitaki tuiache. Ila muuzaji anaijua tabia hiyo kwa wanadamu wote, na ameiweka kwenye mahesabu yake. Shangazi aliniambia ndani ya gari, "Nimeona aibu kumkatalia, kijana ametulisha vizuri." Nikamjibu, "Umeshamshukuru kwa mdomo, shangazi. Inatosha."

Hatua ya kwanza: soma kadi kabla hujapiga simu

Chukua miwani, kaa chini, soma maandishi madogo. Tafuta mambo matatu.

La kwanza ni jina kamili la mtu atakayezungumza, si la kampuni tu. Kama kadi haina jina la mtu, piga uulize, nao wakijibu "mmoja wa wataalamu wetu", iweke kando.

La pili ni maneno kwamba hawahusiani na Social Security wala idara yoyote ya serikali. Maneno hayo yakiwepo, ni kweli, yaamini. Kadi nyingi hupambwa tai, bendera au bahasha ya rangi ya ofisi ya serikali ili uone kama barua rasmi. Serikali haimwaliki mtu steki.

La tatu ni vyeo baada ya jina. Kuna vyeo vinavyosomewa miaka na vina mitihani migumu, kama CFP cha wapangaji wa fedha. Kuna vingine vyenye neno la wazee au la kustaafu ndani yake ambavyo mtu huvipata kwa mafunzo ya siku chache. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2008 NASAA ilitoa kanuni ya mfano kwa majimbo kuzuia vyeo vya wazee vinavyopotosha. FINRA wana ukurasa unaoeleza kila cheo kinahitaji nini. Andika zile herufi kama zilivyo, uzitafute pale.

Hatua ya pili: mtafute mtu mwenyewe

Hapa ndipo ningependa utumie muda. Ni dakika ishirini, na mjukuu mwenye simu anaweza kukusaidia.

Anza na BrokerCheck, tovuti ya bure ya FINRA. Andika jina na mji. Utaona amefanya kazi wapi, ana leseni gani, kama aliwahi kufukuzwa, kushtakiwa na wateja au kufilisika. Kisha nenda kwenye adviserinfo.sec.gov, ambako wameorodheshwa washauri wa uwekezaji. Kisha tovuti ya idara ya bima ya jimbo lako, utafute kama leseni yake ya bima ni hai na kama ana adhabu.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Anuiti inayofuata faharasa ya soko (kipimo cha kupanda na kushuka kwa bei za hisa), ile inayouzwa sana kwenye milo hii, kwa kawaida haihesabiwi kama dhamana, yaani kitega uchumi kama hisa au hatifungani. Ni bima. Kwa hiyo mtu anaweza kukuuzia akiwa na leseni ya bima tu, na asionekane kabisa kwenye BrokerCheck. Kutoonekana kwake hakumfanyi tapeli, ila kunakueleza kwamba ana kitu cha aina moja dukani. Huenda akakuhimiza uondoe fedha kwenye 401(k), lakini hana leseni ya kukushauri kuhusu hisa na hatifungani zilizomo. Ukimuuliza fundi mwenye nyundo peke yake, kila kitu kwake ni msumari.

Ukikuta malalamiko, yasome. Lalamiko moja la zamani lililotupiliwa mbali si sawa na matatu ya wazee wanaosema jambo lile lile.

Hatua ya tatu: kama unakwenda, jiandae hivi

Nenda na mtu, ila asiwe mwenzi wako peke yake. Mwenzi naye ni mnunuzi. Nenda na mtoto, mpwa, au rafiki asiye na fedha ya kuhamisha.

Acha nyumbani taarifa za akaunti, kadi ya Social Security na kitabu cha hundi. Hutavihitaji kula.

Sasa nikueleze jioni yenyewe ilivyokuwa, maana zote nne zilifanana. Tulipofika tulichagua chakula: kuku, samaki au nyama. Saladi ikaja haraka. Kijana mmoja nadhifu akasimama, akasimulia habari za baba yake aliyepoteza nusu ya akiba mwaka 2008. Picha zikapita ukutani: soko linaporomoka, mstari mwekundu, bei ya nyumba ya wazee kwa mwezi, deni la taifa. Dakika kama arobaini za hofu. Kisha slaidi moja ya bluu yenye mstari unaopanda ngazi kwa ngazi bila kushuka hata mara moja. Hakuutaja jina. Akasema, "Hilo siwezi kulieleza hapa, kila familia ina hali yake. Tutalizungumza ofisini."

Halafu zikagawiwa fomu za manjano. Wahudumu walikuwa wamesimama mlangoni na sahani za moto, wakisubiri. Fomu ilitaka jina, simu, umri, na kiasi cha akiba, ukiweka alama kwenye kisanduku: chini ya 100,000, kutoka 100,000 mpaka 250,000, kuendelea. Mwisho visanduku viwili: "Ndiyo, nahitaji miadi ya bure" na "Hapana, sihitaji msaada kupanga maisha ya familia yangu." Msichana mwenye kishikwambi akapita meza kwa meza kupanga siku. Sahani zikaanza kuingia fomu zilipokusanywa.

Fomu hiyo hulazimiki kuijaza. Andika jina lako la kwanza, acha mengine wazi, uirudishe. Kisanduku cha kiasi cha akiba ndicho hasa wanachokitafuta, usikiguse. Ukibanwa kuhusu miadi, sema neno hili tu: "Nitawapigia." Usieleze sababu. Sababu yoyote utakayotoa wana jibu lake, walishafundishwa.

Hatua ya nne: sikiliza sentensi hizi

Chukua kalamu na daftari. Kuandika kunawafanya wasemaji wawe waangalifu, na kunakupa kitu cha kuhakiki kesho yake.

"Soko likipanda unapanda nalo, likishuka hushuki." Nusu ya pili kwa kawaida ni kweli. Nusu ya kwanza ina dari juu yake. Mwaka 2019 faharasa ya S&P 500 (kampuni kubwa za Marekani) ilipanda kama asilimia 29, na ukihesabu gawio la kampuni ilizidi 31. Mwenye anuiti yenye kikomo cha asilimia 6 alipata 6. Gawio huwa halihesabiwi kabisa. Mwaka 2022 soko lilishuka zaidi ya asilimia 19, na mtu yule alipata sifuri, hakupoteza. Hiyo ni nafuu halisi na kuna mzee atakayelala vizuri kwa sababu yake. Lakini aambiwe bei. Tena kikomo hicho mara nyingi kampuni inaweza kukibadilisha kila mwaka, kushuka hadi kiwango cha chini kilichoandikwa ndani ya mkataba. Uliza kiwango hicho ni kipi.

"Tunakupa bonasi ya asilimia 10 siku ya kwanza." Uliza inakuwa yako lini. Mikataba mingi huitoa polepole kwa miaka kadhaa, na ukivunja mapema inarudi kwao. Mara nyingi pia yenye bonasi ina kikomo cha chini zaidi na adhabu ya muda mrefu zaidi. Bonasi inalipwa na wewe.

"Hakuna ada." Inawezekana hakuna ada inayoonekana. Dari na gawio lililokatwa ndivyo gharama. Na ile nyongeza ya kipato cha maisha, kipengele kinachoahidi malipo mpaka kufa, ina ada yake, kwa kawaida karibu asilimia 1 kwa mwaka.

"Iko salama kama benki." Benki ina bima ya serikali kuu, FDIC, hadi dola 250,000 kwa mwenye akaunti katika benki moja. Anuiti haina hiyo. Inasimama juu ya nguvu ya kampuni ya bima iliyoitoa, na nyuma yake kuna mfuko wa jimbo wa kuwafidia wateja, wenye mipaka yake.

"Mpango huu tumeupima kwa miaka arobaini ya soko." Kuna mfano wa hadharani. Raymond Lucia, mtangazaji wa redio wa California, alizunguka nchi akifanya semina za kustaafu kuhusu mkakati aliouita ndoo za fedha. Mwaka 2012 SEC ilimshtaki ikisema slaidi zake zilidai mkakati umepimwa katika nyakati halisi mbaya za soko, wakati mahesabu yake yalitumia mfumuko wa bei wa kubuni uliokuwa chini ya ule halisi na hayakukata ada. Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2018, lakini huko walibishania jinsi jaji wa tume alivyoteuliwa, si slaidi. Kwa mzee aliyeko mezani somo ni dogo na la kazi: ukioneshwa mstari mzuri, uliza mfumuko wa bei uliotumika ni upi na ada zimekatwa au la.

"Asilimia 7 kwa mwaka, imehakikishwa." Hii ndiyo inayowaumiza watu wengi, nitaieleza polepole.

Hatua ya tano: tenganisha fedha na kivuli chake

Kwenye anuiti zenye nyongeza ya kipato cha maisha kuna namba mbili. Moja ni fedha yako halisi, ambayo unaweza kuitoa au kuwaachia watoto. Nyingine mimi huiita kivuli: ni namba ya kukokotolea tu, haipo kwenye akaunti yoyote. Asilimia 7 iliyohakikishwa inakuza kivuli.

Tuchukue mfano. Una miaka 60, unaweka dola 100,000. Kivuli kinakua kwa asilimia 7 kwa miaka 10, kinafika kama dola 196,700. Shangazi alipooneshwa namba hiyo aliniambia, "Wataniongezea mara mbili." La. Ukifika miaka 70 wanakulipa, tuseme, asilimia 5 ya kivuli kila mwaka: kama dola 9,800, yaani karibu 820 kwa mwezi. Wakati huo fedha yako halisi, baada ya dari na ada ya nyongeza, tuseme imefika 122,000. Zile 9,800 wanazitoa kwenye fedha yako hiyo kwanza. Gawanya: 122,000 kwa 9,800 ni zaidi ya miaka 12. Mpaka unavuka miaka 82, kwa sehemu kubwa unarudishiwa fedha yako mwenyewe. Kampuni inaanza kulipa ya kwake ukiishi zaidi ya hapo. Ukifariki ukiwa na miaka 75, watoto kwa kawaida wanapata kilichobaki kwenye fedha halisi, si kivuli.

Kwa mtu ambaye mama na bibi yake walifika miaka tisini na tano, hesabu hiyo inaweza kukubalika. Kwa shangazi, mwenye kisukari na anayetaka kuacha kitu kwa wajukuu, haikukubalika. Fanya hesabu hiyo kwa namba zako, kwa kalamu, kabla ya miadi yoyote. Mwulize wakala mbele ya shahidi: "Nikitaka kuondoka mwaka wa tano na fedha yangu yote, hundi itaandikwa dola ngapi?" Jibu la swali hilo ni namba. Akikupa maelezo badala ya namba, mwulize tena.

Hapo ndipo inatokeza adhabu ya kuvunja mkataba. Kwenye anuiti hizi adhabu hudumu mara nyingi miaka 7 hadi 10, ikianzia karibu asilimia 10 na kushuka mwaka hadi mwaka. Kwa kawaida unaruhusiwa kutoa asilimia 10 kwa mwaka bila adhabu. Mtu wa miaka 72 anayefungiwa fedha hadi miaka 82, na nyumbani kuna mama anayeweza kuugua wakati wowote na tiketi ya ndege ya kununua usiku huo huo, anahitaji kujua hilo kabla ya kalamu.

Hatua ya sita: omba karatasi, kisha uondoke nazo

Kama bado unavutiwa, omba vitu hivi kwa maandishi: jina kamili la bidhaa na kampuni ya bima inayoitoa, jedwali la adhabu mwaka kwa mwaka, kiwango cha chini kabisa cha kikomo, ada za kila nyongeza, na kamisheni yake kwa dola. Kama ni dalali wa dhamana au mshauri aliyesajiliwa, tangu katikati ya mwaka 2020 anatakiwa akupe Form CRS, karatasi fupi inayoeleza analipwaje, ana migongano gani ya maslahi na kama ana rekodi ya nidhamu. Wakala mwenye leseni ya bima tu hana wajibu huo.

Kisha ondoka. Ofa inayokufa Ijumaa ilikuwa na ugonjwa tangu Jumanne. Mpelekee mtu asiyepata chochote ukisaini. Wapo washauri wanaotoza kwa saa au kwa kazi, hawachukui kamisheni, nao wana wajibu wa kisheria wa kutanguliza maslahi yako. Dola mia kadhaa kwa mtu huyo zinauma siku moja.

Na mengi yanayotumika kama chambo kwenye kadi unayapata bure. Social Security utafungua akaunti ssa.gov au utapiga 1-800-772-1213, na mkalimani wa Kiswahili ni bure, omba tu. Hesabu yenyewe si siri: kwa aliyezaliwa mwaka 1960 au baadaye umri wa kupata malipo kamili ni 67. Kama angepata dola 1,500 katika umri huo, akianza na 62 atapata 1,050, akisubiri hadi 70 atapata 1,860. Kwa Medicare, bima ya afya ya wazee, kuna washauri wa bure wa kila jimbo, mpango unaoitwa SHIP. Na ujue: kwenye mkutano wa kuuza mipango ya Medicare Advantage (ile ya kampuni binafsi), wakala haruhusiwi kuwapa watu mlo. Vitafunwa vidogo, sawa. Ukipewa sahani kamili huku fomu za kujiunga zinajazwa, kanuni imevunjwa, ripoti kwa 1-800-MEDICARE.

Hatua ya saba: mlo ukiwa pilau na mwenyeji ni wetu

Si kila mwaliko unakuja kwa posta. Siku hizi semina iko kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye baraza la Idi, au sebuleni kwa kaka fulani Jumamosi jioni, na anayezungumza anakuita mama kwa Kiswahili safi. Mara nyingi kinachouzwa ni bima ya maisha inayofungamanishwa na soko, IUL, na nusu ya mazungumzo ni kukuandikisha nawe uwe wakala, uwalete ndugu zako. Wengi wa vijana hao wanaamini wanachosema. Wao wenyewe walinunua. Hatua zote za juu ziko pale pale. Leseni inatafutwa, jedwali la adhabu linaombwa, karatasi zinaondoka na wewe. Kumkagua ndugu si kumvunjia heshima, na mwenye leseni safi atakuonesha mwenyewe.

Hofu yangu kubwa ni pale bidhaa isipokuwa bima kabisa bali ni uwekezaji usiosajiliwa. Woodbridge, kampuni ya Robert Shapiro, iliwauzia watu uwekezaji katika mikopo ya majengo, wenye riba ya kuvutia, kupitia mawakala, matangazo na semina. Zaidi ya watu 8,400 waliweka humo, wengi wao wazee, na jumla ilipita dola bilioni 1.2. Ilikuwa upatu wa kitapeli: fedha za wapya zikiwalipa wa zamani. Shapiro alifungwa miaka 25 mwaka 2019. Ukiambiwa riba kubwa, ya uhakika, isiyoyumba, na usajili wake hauonekani kwa SEC wala kwa jimbo, simama, chukua koti lako.

Ukiamua kuhamisha akiba

Fedha iende kutoka taasisi hadi taasisi, isipitie mikononi mwako. Hundi ya 401(k) ikiandikwa kwa jina lako, asilimia 20 inakatwa papo hapo kwa kodi, na una siku 60 kuirudisha yote kwenye akaunti ya kustaafu, pamoja na ile iliyokatwa ambayo itabidi uitafute mfukoni. Ukiwa chini ya miaka 59 na nusu inaweza kuongezeka adhabu ya asilimia 10. Na kama utaacha kazi mwaka unaotimiza 55 au baada ya hapo, kumbuka kwamba 401(k) ya kazi hiyo unaweza kuitoa bila adhabu hiyo ya 10, jambo ambalo IRA, akaunti ya kustaafu unayojifungulia mwenyewe, haikupi. Hilo halikutajwa kwenye mlo wowote kati ya minne niliyokaa.

Kama umeshasaini

Usijifiche na usione haya. Mzee mmoja tunayeswali naye alisaini, akanyamaza kwa aibu, mkewe akanipigia simu siku ya tisa baada ya mkataba kufika kwa posta. Siku tisa zilikuwa bado zinatosha.

Mikataba ya anuiti ina muda wa kuutazama na kuurudisha bila adhabu, kwa kawaida siku 10 hadi 30 kulingana na jimbo na umri, ukihesabu tangu siku ulipopokea mkataba. Muda huo umeandikwa ukurasa wa mbele. Andika barua fupi: jina, namba ya mkataba, tarehe uliyoupokea, na sentensi moja kwamba unaurudisha ndani ya muda ulioruhusiwa na unadai fedha yote. Ipeleke kwa kampuni ya bima yenyewe, si kwa wakala, kwa posta yenye risiti ya kupokelewa. Weka nakala. Wakala atapiga; huna wajibu wa kupokea.

Kama fedha ilitoka kwenye IRA, andika ndani ya barua hiyo kwamba irudishwe moja kwa moja kwenye akaunti ile ilikotoka, ukitaja jina la taasisi na namba ya akaunti. Ikija kama hundi kwa jina lako, saa ya siku 60 inaanza kuhesabu.

Muda ukiwa umepita na uliambiwa uongo, peleka malalamiko idara ya bima ya jimbo, na kama mtu ana leseni ya dhamana, FINRA na SEC pia. Pale ndipo daftari lako la usiku ule linapohitajika: tarehe, jina, sentensi aliyoisema, nani alikuwa amekaa pembeni yako. Na ile kadi ya kung'aa usiitupe, iambatishe.

Yule mzee tuliandika barua yake kwenye meza yake ya kulia chakula, mkewe akisoma namba, yeye akiandika kwa mkono wake. Baada ya wiki tatu na ushee fedha ilionekana kwenye IRA yake, senti kwa senti.